Ndizi haihitaji kisu

Jumapili iliyopita, tukitoka ibadani, mama mmoja tunayesali naye hapa Segerea alinivuta pembeni akaniomba namba ya mwalimu wa tuisheni. Binti yake anatimiza miaka sita Oktoba, na wanataka aanze darasa la kwanza Januari kwenye shule ile ile ya Kiingereza tuliyoihangaikia sisi mwaka juzi. "Nasikia wewe ulimwandaa Babu vizuri sana," akaniambia. Nikamwahidi nitamtumia. Leo Alhamisi sijaituma. Kila nikishika simu naona namba haiwezi kwenda peke yake, inahitaji maelezo, na maelezo yenyewe hayaenei kwenye ujumbe wa simu. Nimeona niyaandike hapa, yamfae yeye na mzazi mwingine yeyote ambaye mwezi huu anazunguka na bahasha ya fomu.

Babu ni mtoto wetu wa kwanza. Tunamwita hivyo kwa sababu amerithi jina la babu yake mzaa baba, ambaye ni marehemu. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, humwita "mume wangu", humwekea mnofu pembeni, na humnunia akichelewa kumwamkia asubuhi. Baba yake ni mhasibu. Mimi ni mtu wa maabara; nina miaka 11 napima damu, mkojo na makohozi ya watu katika hospitali moja hapa jijini. Naitaja kazi yangu mapema kwa sababu nitairudia.

Mume wangu ni mtoto wa mkulima wa Iramba, Singida. Alipomaliza darasa la saba alichaguliwa kwenda Ilboru. Wasomaji wa umri wetu hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo, ila kwa walio wadogo: serikali ina sekondari chache inazoziita shule za vipaji maalumu, Ilboru kule Arusha, Mzumbe, Kibaha, Tabora Wavulana, na kwa wasichana Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana. Huko huenda waliofanya vizuri kupita wenzao kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kijijini kwao alikuwa wa kwanza kuchaguliwa. Mratibu wa elimu aliileta habari kwa baiskeli, na mama mkwe anasimulia kwamba siku hiyo kila aliyekuwa na kuku alichinja. Kwa hiyo mume wangu anauamini mtihani. Mtihani ndio uliomtoa nyuma ya mbuzi ukamfikisha Dar es Salaam, na imani hiyo namheshimu nayo.

Hofu yetu pia ilikuwa na msingi. Shule za msingi za serikali hazina ada, watoto wamejaa, na hapa mtaani mwalimu mmoja anabeba darasa ambalo kwa haki lingegawanywa mara tatu. Masomo huko ni kwa Kiswahili, halafu mtoto akifika kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza: baiolojia, hesabu, jiografia. Mimi niliipitia njia hiyo. Muhula mzima wa kwanza nilinakili ubaoni maneno nisiyoyajua, nikiyapigia mistari kwa kalamu nyekundu ili daftari lionekane la mtu anayeelewa. Mzazi aliyepita humo akiona pa kumwepusha mwanawe anapakimbilia. Serikali yenyewe ina shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond pale Upanga, lakini ni chache na sisi wenye watoto ni wengi. Zinazobaki ni za binafsi, na zile zenye jina zinachuja. Mtoto wa miaka mitano anafanyiwa intavyuu.

Tulianza Julai. Mwalimu anakaa mitaa miwili kutoka kwetu, amewahi kufundisha kwenye shule za aina hiyo, na jioni sebule yake ilikuwa darasa: makochi yamesukumwa ukutani, viti 14 vya plastiki, feni moja ya kusimama inayogeuza shingo na kumpulizia kila mtoto kwa zamu. Shilingi 5,000 kwa kipindi. Mwanzoni siku mbili kwa wiki, Septemba zikawa nne. Watoto walisimama mmoja mmoja wakajibu kwa Kiingereza: jina lako nani, una miaka mingapi, baba anafanya kazi gani, unapenda rangi gani. Wote walipenda bluu, kwa kuwa bluu ni rahisi kutamka. Kisha zikaja fotokopi. Wazazi tulikuwa tunabadilishana maswali yaliyowahi kutoka shule hii na ile, karatasi zimenakiliwa mara nyingi mpaka bata humtofautishi na jogoo, na watoto wakaambiwa wazungushie picha isiyofanana na nyingine. Mwalimu yule simlaumu kwa lolote. Alikuwa mvumilivu, na alifanya kile tulichomlipa akifanye.

Wiki ya nne Babu akaanza kukojoa kitandani. Aliacha tangu ana miaka mitatu. Nikachukua mkojo wake nikaupima kazini, ukawa safi, hauna sukari wala maambukizi. Nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa, kana kwamba nimekwisha kujibiwa.

Halafu likaja neno "nimepata". Anavaa kiatu, ananitazama usoni: "Mama, nimepata?" Ananawa mikono: "Nimepata?" Siku moja alimtilia mdogo wake maji kwenye kikombe bila kumwaga hata tone, badala ya kumpa akakishikilia akinisubiri mimi niseme kama amepata.

Aliyelikamata jambo ni bibi yake. Umeme ulikatika usiku, wakatandika mkeka barazani, akaanza kumpigia hadithi. Paukwa, pakawa. Ilikuwa ile ya sungura na fisi kisimani, aliyoisikia mara nyingi na ambayo siku zote hudai irudiwe, au hutaka kujua fisi kesho yake alikula nini. Usiku ule hadithi ilipoisha alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Bibi, jibu lake lipi?"

"Jibu la nini, mume wangu?"

"La hadithi."

Mama mkwe alisubiri mtoto alale, akanifuata jikoni nikiwa naosha vyombo kwa mwanga wa simu.

"Mwanangu, huyu mtoto mnamkimbiza kwenda wapi?"

"Mama, ni intavyuu tu. Zimebaki wiki nne, zikipita tutampumzisha."

"Ninyi mtampumzisha. Yeye ataacha?"

Nikamwambia nimechoka, nimetoka zamu. Ilikuwa kweli nimetoka zamu.

Intavyuu ilikuwa Jumamosi, Oktoba. Ijumaa Babu alishinda na mafua. Saa kumi alfajiri nilimgusa paji la uso, nikaweka kipimajoto kwapani: 38.1. Nikampa parasetamo ya maji, nikamvalisha shati jeupe tulilomnunulia Kariakoo kwa ajili ya siku hiyo, nikambeba mpaka kwenye gari. Kumi na moja tulikuwa barabarani, Mandela mpaka Ubungo, Ubungo mpaka Mwenge. Chai alikataa. Alikula nusu andazi. Tulipofika kabla ya saa moja tayari kulikuwa na foleni ya wazazi getini, na Babu akabandikwa namba 63 kifuani. Aliitwa saa nne na robo. Hapo katikati alilala mapajani mwangu mara mbili, na mara zote mbili nilimwamsha tukarudia rangi na maumbo.

Wazazi hatukuruhusiwa kuingia, lakini chumba kilikuwa na madirisha ya luva yaliyofunguliwa kwa joto, na mimi nilisimama karibu. Mwalimu aliyemhoji alikuwa dada kijana, mpole, na ilionekana wazi amechoka. Jina alijibu. Umri alijibu. Rangi akasema bluu. Kisha akawekewa mbele kadi yenye picha nne: embe, chungwa, karoti, ndizi. Akaulizwa kwa Kiingereza, ipi ni tofauti?

Nilijua jibu linalotakiwa. Karoti, kwa sababu siyo tunda. Tulilifanya sebuleni kwa mwalimu labda mara kumi, ila kwa matunda mengine.

Babu aliziangalia zote nne. Akaweka kidole kwenye ndizi. Yule dada akamuuliza, una hakika? Akaondoa kidole haraka, akageuka kutazama mlangoni, nadhani alikuwa ananitafuta. Halafu akakirudisha pale pale kwenye ndizi. Akaulizwa kwa nini. Nikamwona anatafuta maneno. Midomo ilicheza, mkono ukafanya kama unakata kitu hewani. Mwishowe akasema neno moja, "naifu". Yule dada akarudia, naifu? Babu akatikisa kichwa kukubali. Yule dada akaandika kitu kwenye karatasi, akavuta kadi nyingine.

Tulipokuwa kwenye foleni ya Ubungo kurudi nyumbani nilimuuliza kwa Kiswahili, taratibu, kwa nini alichagua ndizi. Akaniambia, "Ndizi unamenya mwenyewe. Zile zingine mpaka mtu mkubwa ashike kisu."

Bibi yake hamruhusu kugusa kisu. Embe humkatia yeye, chungwa humenyewa na muuzaji pale kituoni, karoti hukwanguliwa jikoni. Kwenye kapu lote la matunda na mboga, ndizi ndiyo peke yake anayoweza kuichukua akaila bila kumwomba mtu. Aliyapanga yale mambo manne kwa kigezo, akakishikilia kigezo chake hata alipotiliwa shaka, akiwa na homa, katika lugha aliyoijua kwa miezi mitatu. Mimi ningejivunia kuwa na mwanafunzi wa maabara wa namna hiyo.

Kazini kwetu kuna daftari la sampuli zilizokataliwa. Kikifika kichupa hakina jina, tunakataa. Damu imeganda kwenye kichupa ambacho haikutakiwa igande, tunakataa. Chembe zimepasuka kwa kutikiswa njiani, tunakataa. Imekaa saa nyingi kwenye joto kabla ya kufikishwa, tunakataa. Tunaandika sababu, tunapiga simu wodini, tunaomba nyingine. Hatuna ubavu wa kutoa majibu kwa sampuli ile, maana kuna daktari atayatumia kumpa mtu dawa. Mwanangu alipelekwa na homa, njaa, usingizi na saa tatu za kungoja kwenye benchi. Kila mtu pale alikuwa na nia njema, na hakuna aliyekuwa na daftari la kuandika kwamba mtoto huyu aletwe siku nyingine.

Na hata sampuli ikiwa nzuri, lazima ujue kipimo chako kinaona nini. Wengi mnakijua kile kipimo cha haraka cha malaria, tone la damu, mistari miwili. Vipimo vingi vya aina hiyo vinatafuta protini ya kijidudu, wala havimtafuti kijidudu mwenyewe, na protini ile inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kumaliza dawa na kupona. Mistari miwili, na malaria hakuna. Ukitaka kujua unaweka damu kwenye slaidi uangalie kwa hadubini. Intavyuu ya mtoto wa miaka mitano inaona masalia ya nani alimfundisha, kwa lugha gani, kwa miezi mingapi. Hayo yapo kweli, siyo uongo. Lakini shule inasoma mistari miwili na kusema imeona akili.

Ujumbe ulikuja baada ya wiki mbili. Hajafikia kiwango, tunashauri arudie mwaka wa awali. Pesa ya fomu hairudishwi. Mume wangu aliusoma mara mbili akaweka simu mezani kifudifudi. "Labda tungeanza mapema zaidi," akasema. Mapema zaidi ya miaka mitano. Hatukugombana kwa sauti, maana mama alikuwa chumba cha pili, lakini siku tatu tuliongea mambo ya unga na gesi tu.

Nilimpigia mdogo wangu anayeishi Queens, New York, nikidhani namweleza mambo ya kwetu. Akanieleza ya kwao. Kule jiji lilikuwa linawapima watoto wa miaka minne ili wachaguliwe kuingia madarasa ya wenye vipaji. Alama zilipaswa kumweka mtoto juu ya wenzake 90 katika kila 100, na kwa zile shule chache zinazochukua watoto wa jiji zima, juu ya 97. Wazazi wakanunua vitabu vya mazoezi, wakalipa walimu. Jiji likaongeza mtihani wa maumbo matupu, NNAT, kwa matumaini kwamba huo hauandaliki. Ukaandaliwa nao. Januari 2021 jopo la sera za elimu la jiji lilipiga kura kutoongeza mkataba wa mitihani hiyo, na baada ya hapo walimu wa chekechea ndio wakawa wanapendekeza majina, kisha inapigwa bahati nasibu. "Dada, hata bahati nasibu watu wanaililia," akaniambia, "lakini angalau hakuna anayemwamsha mtoto kwa ajili yake."

Baada ya hapo nikaanza kusoma usiku, zamu zikiwa tulivu. Nilitafuta kama kuna mtu amewahi kuwapima watoto wetu sisi, na nikakuta wamewapima Bagamoyo, hapa hapa pa kwenda Jumapili na kurudi. Utafiti ulichapishwa 2002 na wanasaikolojia Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwamo wa Tanzania. Waliwapa wanafunzi wa shule za msingi mafumbo ya kufikiri: kupanga kadi kwa makundi, kukisia kitu kwa kuuliza maswali, kutoa hitimisho kutokana na maelezo. Baadhi yao wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kuyakabili mafumbo hayo, kisha wakapimwa tena. Alama zikapanda. Lililonikalisha wima kwenye kiti ni kwamba mpangilio nao ulibadilika: aliyekuwa juu mara ya kwanza hakuwa lazima yule aliyekuwa juu baada ya kufundishwa. Kipimo cha kwanza kilionyesha mtoto anajua nini siku ile. Cha pili kilionyesha ukimfundisha anafika wapi, na hilo ndilo swali la shule.

Mwingine ni mwanasaikolojia Robert Serpell, aliyewapima watoto wa Lusaka na wa Uingereza na kuchapisha matokeo 1979. Aliwapa maumbo wayaige. Kwa penseli na karatasi Waingereza walishinda. Kwa waya Wazambia walishinda, wale watoto wanaojitengenezea magari ya waya mitaani. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawa. Watoto wale wale, maumbo yale yale, na anayeonekana mwerevu anabadilika kwa kubadilisha kilichowekwa mkononi. Nilimsomea mume wangu kipande hicho kwenye simu saa saba usiku. Alikuwa hajalala. Akasema tu, "Nilikuwa natengeneza Scania, na ringi za kandambili."

Na kuna hili, fupi, lakini linaniuma. Kipimo cha akili cha watoto kilichozaa hivi vyote kilitengenezwa Paris mwaka 1905 na Alfred Binet na Théodore Simon, na lengo lilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji kusaidiwa zaidi shuleni. Sisi tunakitumia kuwafungia geti.

Novemba tulipata shule nyingine, ndogo, upande wa Kinyerezi, ada yake nafuu, haina basi wala bwawa. Mwalimu mkuu ni mama mtu mzima, mstaafu wa serikali. Alituambia tumlete mtoto siku akiwa mzima na ameshiba, tukae asubuhi nzima. Hakumuuliza jina kwa Kiingereza. Alimsalimia, Babu akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakaketi wote wawili sakafuni. Mama yule akamwaga mfuko wa vifuniko vya soda.

Akapanga viwili vyekundu, kimoja cha chungwa, viwili vyekundu, kimoja cha chungwa. Akamwambia, endelea. Babu akakusanya vyote vya chungwa akaviweka mstari wake peke yake, akanitazama. "Nimepata?"

"Bado mchezo haujaanza," akasema mwalimu. "Ngoja nikuonyeshe." Akaanza kupiga makofi huku akigusa vifuniko: pa, pa, ti. Pa, pa, ti. Babu akasikiliza. Mara ya tatu akaanza kupiga naye, akacheka, akavuta vifuniko akaendeleza mstari mpaka ukafika kwenye mguu wa meza. Halafu, bila kuambiwa, akabomoa akapanga wa kwake: kimoja chekundu, vitatu vya chungwa, kimoja chekundu, vitatu vya chungwa. Akamsogezea mwalimu mkuu rundo lililobaki. "Malizia wangu."

Mwalimu akaweka vyekundu viwili.

Babu akamshika mkono. "Hujapata. Ngoja nikuonyeshe."

Nilitoka nje kidogo. Niliporudi, mwalimu mkuu alikuwa anaongea na mume wangu, amemuuliza alisoma wapi. Ilboru, akajibu, na sauti ikanyooka kama inavyonyooka siku zote akilitaja jina hilo. Mama yule akampongeza, kisha akamuuliza, na darasa la kwanza uliingia na miaka mingapi? Mume wangu akachukua muda. "Tisa," akasema. "Kabla ya hapo nilikuwa nachunga." Mimi nilikuwa najua kwamba alichelewa kuanza shule, yeye alikuwa anajua, mama yake alikuwa anajua, na katika miezi yote ile hakuna aliyelitamka. Mtu wa Ilboru, akiwa na umri wa Babu, hakuwa amewahi kushika penseli. Angewekewa kadi ya karoti na embe angeuliza karoti ni kitu gani.

Babu sasa yuko darasa la pili. Si wa kwanza, hesabu anazipenda, kusoma Kiingereza bado anakwama kwama. Kitandani aliacha kukojoa kabla ya Krismasi ile ile. "Nimepata?" ilichukua muda mrefu zaidi, na bado akiumwa hurudi.

Dada yangu mpendwa, namba nitakutumia leo, kwa sababu ni haki yako kuamua, na kwa sababu shule uliyoichagua inaweza kumfaa binti yako. Mwalimu ni mtu mwema. Mwombe siku mbili tu kwa wiki, na jioni zinazobaki umwache acheze. Zungumzeni Kiingereza kidogo kidogo mkiwa mnapika, si lazima kiwe na karatasi. Ukienda kuchukua fomu uliza watamweka benchi muda gani, kama maelekezo yanaweza kutolewa kwa Kiswahili, na kama asipojibu kuna anayemwonyesha kisha akamuuliza tena. Uliza hata kama katibu atakukunjia uso. Andaa uji kwenye chupa.

Na zaidi ya yote, akiamka siku hiyo ana homa, usimpe dawa ukamvalisha. Kwenye fomu ukurasa wa mwisho, chini kabisa, kuna namba ya ofisi. Piga, waambie mtoto anaumwa, omba siku nyingine. Nilikuwa nayo ile fomu kwenye mkoba, na simu ilikuwa na chaji. Sikupiga.